Fuata Nyuki, Hata Bila Asali
Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Methali hii imewazoesha wengi kumthamini nyuki kwa mzinga wake tu. Huko Mitunguu, Meru, mgomba huzaa bila kuchavushwa. Nyuki wakifa kwa dawa ya wadudu, mwenye ndizi haoni hasara. Lakini mtikitimaji wa jirani yake una maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Nyuki asipobeba chavua baina yao, tunda halipatikani. Mpasheni nao humtegemea nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao, asiye na asali ya kurinwa. Basi afugaye nyuki kwa mapenzi, asiyeuza hata chupa moja, asichekwe: huyo ndiye mlinzi wa shamba la jirani.