Namba ao Jina: Vyote Viwili Vifungue Fishi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, ulikwisha kufika kwenye dirisha la dispansari bila namba ya matrikule ya baba? Basi unajua jibu: «Rudi nyumbani, utafute namba.»

Nilimwona mama mmoja saa saba ya usiku, mtoto mgongoni akiungua na homa. Bwana yake alikuwa mgodini, posti ya usiku, na karata ilikuwa mfukoni mwake. Karani alikataa kutafuta fishi kwa jina. Malaria kali inaweza kuua mtoto kwa siku moja tu! Munganga alimpokea mtoto kwanza, na vizuri alifanya. Lakini alimtibu bila kujua dawa gani ziliwahi kumdhuru.

Mawazo yangu ni haya: fishi itafutwe kwa namba ao kwa jina, kile mgonjwa anacho.

Wengine watasema majina yanafanana. Ni kweli. Akina Ilunga na Mwamba ni wengi katika kambi zetu. Tena wazee wengi wana majina mawili: lile la ubatizo, na lile walilochukua wakati serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya kizungu katika 1972. Na damu isiyopatana na yako, ukipewa kwa kosa la jina, inaweza kukuua. Lakini namba nayo inadanganya: ukigeuza tarakimu moja, umeshika fishi ya mwingine.

Kutafuta mtu ni jambo moja, kuhakikisha ni yeye ni jambo lingine. Tazama simu yako: pahali pengi unaweza kuingia kwa jina ao kwa anwani ya barua-pepe, lakini bila neno la siri hapafunguki. Kwetu, tarehe ya kuzaliwa ifanye kazi hiyo. Tangu 2007 Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri tuhakikishe alama mbili, kama vile jina na tarehe ya kuzaliwa, mbele ya kutoa dawa ao damu. Na kama fishi mbili zinafanana, karani asikisie, amwite munganga.

Na wewe pia una kazi. Leo jioni andika kwenye karatasi namba yako, majina yote ya watu wa nyumba na tarehe zao za kuzaliwa. Ibandike ndani ya mlango wa kabati. Homa ya mtoto haingoji baba atoke mgodini.