Hesi Zikilika, Tusikimbilie Kuchomelea

Fremu ya baiskeli ya Raleigh iliyoundwa Nottingham enzi za ukoloni bado inaweza kubeba gunia la mkaa, lakini kosa la dakika tano linatosha kuipeleka kwenye chuma chakavu. Kosa hilo hutokea pale chini, katika bomba fupi linaloshika ekseli ya pedeli. Ndani ya bomba hilo mna hesi, ile mifereji ya parafujo inayokamata vikombe viwili vya gololi. Hesi zikilika, kikombe hucheza na pedeli huyumba, na dawa inayokimbiliwa ni kukichomelea kikombe kwenye fremu. Naamini dawa hiyo ndiyo inayoua baiskeli, kwa sababu hesi zilizoharibika hutengenezeka mara nyingi, ilhali kikombe kilichochomelewa hakibadilishiki tena.

Ukiangalia namna hesi zinavyoharibika, utaona kwamba uzee si mkosaji mkuu. Raleigh ilikuwa na kipimo chake yenyewe cha hesi 26 katika inchi moja, wakati vikombe vya kawaida vya Kiingereza vina 24. Kwa upana, vikombe hivyo vinakaribiana mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuvitofautisha. Kikombe kisicho chake huingia kwa mkono mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Spana ikiongezewa bomba ili kulazimisha, kikombe kigumu hukata hesi laini za fremu. Tena kikombe cha upande wa mnyororo kina hesi za kushoto: hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mishale ya saa. Asiyelijua hilo hukikaza akidhani anakifungua. Adui wa kwanza, basi, ni kutopima.

Matengenezo nayo yaanze na hatua inayoondoa chuma kidogo zaidi. Safisha kutu na grisi kavu, hesabu hesi kwa kipimo, kisha pitisha tapu, yaani chombo cha kukatia hesi, ya kipimo kilekile pamoja na mafuta, ukirudi nyuma kila mara ili kutoa mabaki. Kazi ya tapu hapa ni kunyoosha hesi zilizolala, si kuchonga nyingine. Ikiwa fremu imeliwa kabisa, bomba linaweza kupanuliwa na kukatwa hesi za Kiitaliano za milimita 36, ingawa njia hiyo hupunguza chuma na haina marejeo. Pia zipo ekseli zinazojibana ndani ya bomba kutoka pande zote mbili bila kutegemea hesi, ila mikono ya pedeli huenda ikabidi ibadilishwe.

Fundi mwenye wateja foleni atasema kwamba kuchomelea ni rahisi, na tapu ya hesi 26 ni ghali na adimu. Hoja yake ina uzito, kwa kuwa hakuna anayenunua chombo cha kutumia mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo, kikombe kizima cha zamani chenye hesi hizohizo, kikichongwa mifereji miwili au mitatu inayokatiza hesi zake, husafisha hesi za fremu isiyoharibika sana. Wengine watasema hesi zilizotengenezwa hazina nguvu ya awali. Ni kweli, lakini mzigo hugawanyika katika mizunguko mingi, na iliyobaki mizima huweza kutosha kukishika kikombe. Moto, kwa upande wake, hulegeza ugumu wa njia ya gololi, na unaweza kudhoofisha maungio ya fremu za zamani yaliyounganishwa kwa shaba nyeupe. Gololi zikiila njia hiyo, kama zinavyofanya siku zote, mwenye baiskeli atakuwa amepoteza fremu nzima kwa ajili ya kikombe kimoja.

Kwa hiyo naomba vyuo vya ufundi stadi vya VETA na vikundi vya mafundi wa baiskeli vinunue kwa pamoja jozi ya tapu, ya kulia na ya kushoto, na kuiazimisha kwa zamu. Gharama ambayo fundi mmoja haiwezi, mafundi ishirini wataimudu. Na anayejifunza kazi hii afundishwe kuhesabu hesi kabla ya kushika spana. Chuma cha fremu hizi kimevumilia miongo ya barabara mbovu. Kinastahili kupimwa kabla ya kuchomwa.