Orodha ikaguliwe kabla ya siku ya unga

Mama mmoja mkimbizi wa ndani alikuta majina yake mawili yameandikwa kama watu wawili. Akarudishwa bila unga. Fundi akatuambia: programu ilikata jina penye nafasi, kwa sababu alama za nukuu zilisahauliwa.

Kosa hilo ni la zamani. ShellCheck, programu ya bure, inalionyesha kwa amri moja: shellcheck orodha.sh. Inasoma maandishi ya fundi bila kuyaendesha, inataja mstari wenye shaka. Babu yake ni lint, ya Stephen Johnson wa Marekani, 1978.

Kweli, haitamwona mtu ambaye hakuandikwa. Hiyo ni kazi ya wakuu wa kambi. Lakini mafundi, piga amri hiyo kila mnapobadilisha mstari, mkiwa bado ofisini. Mama huyo alisimama pale tangu asubuhi, mtoto mgongoni.