Mwanafunzi Aliyekutwa na Bangi Apelekwe Wapi?

Katika shule nyingi za sekondari nchini Kenya, mwanafunzi akikutwa na msokoto wa bangi au muguka, majani ya kutafuna yanayolevya, mfukoni, mambo huenda mbio. Naibu mwalimu mkuu huandika barua, mzazi hupigiwa simu, mtoto husimamishwa masomo kwa wiki kadhaa. Akirudi hutia saini ahadi kwamba hatarudia. Mara nyingi hakuna aliyemuuliza alianza lini, anatumia na nani, au anakimbia nini. Kwa maoni yangu, hapo shule imeadhibu tu, bado haijaingilia kati.

Na imeadhibu kwa kuchelewa. Uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na taasisi ya utafiti wa sera ya KIPPRA wa mwaka 2018 miongoni mwa wanafunzi wa shule za msingi ulionyesha kuwa asilimia 20.2 walikuwa wamewahi kutumia angalau aina moja ya kilevi, na kwamba wastani wa umri wa kuanza ulikuwa miaka 11. Msako wa mabweni unapomnasa kijana wa sekondari, huenda tabia hiyo ina miaka kadhaa.

Wapo wanaosema tuanzie sokoni. Mnamo Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, na kaunti za Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais Ruto akatangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi, nayo Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Nawaelewa wazazi wa Pwani waliofurahia amri ile, kama ninavyomwelewa mkulima wa Mbeere, Embu, anayesomesha wanawe kwa majani hayo. Ila mtoto ambaye tayari anatafuna hawezi kungoja kesi iishe.

Hoja nzito zaidi ni ya mzazi ambaye mwanawe hatumii chochote: kwa nini wangu akae dawati moja na mvutaji? Ana haki ya kuuliza. Anayewauzia wenzake ni hatari kwa shule nzima, na huyo ashughulikiwe kwa njia yake. Lakini anayetumia tu, ukimtoa darasani unampeleka maskani, kwa wale wale waliomfundisha, akiwa na siku nzima isiyo na kazi. Wamarekani walilijaribu hilo kwa miaka mingi chini ya sera ya kutovumilia kosa hata moja. Mwaka 2008 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilichapisha tathmini yake: sera hiyo haikuthibitika kuzifanya shule kuwa salama zaidi, na waliosimamishwa walielekea kusimamishwa tena na hata kuacha masomo.

Kinachohitajika mwanzoni si kikubwa. Madaktari wa watoto wa Boston walitunga maswali sita mafupi ambayo mtu yeyote aliyefunzwa anaweza kumuuliza kijana. Je, umewahi kupanda gari ambalo dereva wake alikuwa amelewa? Hutumia ili utulie? Hutumia ukiwa peke yako? Husahau uliyoyafanya? Jamaa au rafiki amekuambia upunguze? Umewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo? Majibu humtenganisha aliyeonja kwa kufuata mkumbo, ambaye mazungumzo machache na mtu anayemwamini yanaweza kumtosha, na yule anayehitaji kliniki.

Ugumu ni huyo mtu wa kuaminiwa. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha kwa jina. Mwalimu huyo ana vipindi vyake vya Hisabati au Historia, madaftari ya kusahihisha, na pengine hana hata chumba cha faragha. Baya zaidi ni pale anapokuwa pia mjumbe wa kamati ya nidhamu. Mwanafunzi gani atamfungulia moyo asubuhi mtu atakayemhukumu jioni? Kabla ya kununua mabango na kualika wahamasishaji, shule itenganishe kazi hizi mbili. Mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi, apewe mafunzo, na kijana ajue wazi tangu mwanzo ni lipi litabaki siri na ni lipi, kama hatari kwa uhai wake, litafikishwa kwa mzazi. Tume ya Huduma za Walimu inaweza kuamua hili bila kusubiri sheria mpya.

Nawe mzazi, ukipigiwa simu uje umchukue mwanao, omba barua ya kumpeleka kwa mshauri pamoja na ile ya kumsimamisha masomo. Shule ikikosa mshauri, laini ya NACADA ni 1192, na kuipiga ni bure.