Wataalamu Hawa Wanamshauri Nani?

Umezuka mtindo duniani ambao watumishi wa umma na walimu hawana budi kuutazama kwa jicho kali. Mtaalamu hupanda ndege na sanduku la mashine, hushuka katika kijiji cha watu wanyonge ambao lugha yao haimo katika vitabu vya serikali, hufanya semina ya siku tatu, hupiga picha ya watoto wakicheka mbele ya kompyuta, kisha huenda zake. Taarifa yake huiandika kwa lugha wasiyoisoma wanakijiji, na huipeleka kwa mfadhili ambaye hajapata kukanyaga kijiji hicho. Shughuli hiyo huitwa ushauri wa teknolojia na elimu kwa wenyeji asilia. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chunguche. Na chungu kinachoungwa chumvi hapa, mara nyingi, si cha mwanakijiji.

Tuanze na Peru, maana huko somo hili lilinunuliwa kwa bei kubwa. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, profesa wa Marekani, aliutangazia ulimwengu kompyuta ndogo ya dola 100 ambayo ingemfungulia kila mtoto maskini mlango wa elimu. Mashine ilipotoka kiwandani bei yake ilikuwa imekaribia maradufu. Hata hivyo Serikali ya Peru ilinunua zaidi ya 800,000, na nyingi zikapelekwa shule za mashambani, zikiwamo zile za milima ya Andes ambako watoto wengi husema Kikechua nyumbani. Mwaka 2012 wachunguzi wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya katika shule 319. Kompyuta zilikuwapo, tena zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi. Lakini katika mitihani ya hesabu na lugha, watoto waliopewa mashine hawakuwapita wale ambao hawakupewa. Haki inatutaka tuseme kwamba majaribio ya akili kwa jumla yalionyesha nafuu kidogo. Kwa fedha zile, nafuu kidogo!

Angalieni hapo, ndugu walimu, ni nani aliyesahauliwa. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na mwalimu hakupewa njia ya maana ya kuiunganisha mashine na somo lake. Wakubwa wa mpango waliamini kwamba mtoto akipewa mashine atajifundisha. Kosa hilo halikuwa la bahati mbaya. Ni zao la ile kasumba ya zamani, kwamba kijiji cha wenyeji ni debe tupu linalongoja kujazwa, na kwamba mwalimu wa huko hana la kuchangia ila kufungua mlango wa stoo. Wala habari hii si ya ng'ambo peke yake. Rwanda nayo iligawa zaidi ya 200,000 za kompyuta hizohizo.

Sasa twende New Zealand, ambako wanyonge waliamua kushika mpini wenyewe. Wamaori waliwekewa shule za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1867, na shule hizo zikafanywa za kuwalisha Kiingereza. Wazee wengi wamesimulia jinsi walivyochapwa kwa kutamka Kimaori darasani. (Mwalimu wa sekondari aliyewahi kumwadhibu mwanafunzi kwa kusema Kiswahili asiharakishe kucheka.) Mwaka 1972 walipeleka Bungeni maombi yenye saini zaidi ya 30,000 wakidai lugha yao ifundishwe. Mwaka 1982 walianza shule za watoto wadogo ambamo bibi na babu walisema Kimaori tu. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi. Wananchi walidai, wakajenga, ndipo serikali ikafuata.

Katika mji mdogo wa Kaitaia, kaskazini kabisa ya nchi hiyo, kuna redio ya makabila ya Kimaori iitwayo Te Hiku. Kwa miaka mingi redio hiyo ilinasa na kutunza sauti za wazee waliozaliwa ndani ya lugha. Ilipotaka mtambo wa kuandika maneno ya wazee hao, haikuagiza mshauri wa kuja na kuondoka. Mwaka 2018 iliwaomba wananchi wasome sentensi kwa sauti, na katika siku 10 ilipata zaidi ya saa 300. Kisha vijana wake wakaunda mtambo, wakianzia na programu huria ya Mozilla ya Marekani.

Kampuni za nje zilipopiga hodi zikitaka kuzinunua sauti zile, zilikataliwa. Te Hiku iliandika hati yake yenyewe inayosema kwamba sauti ni amana, na kwamba redio ni mtunzaji tu wala si mmiliki. Anayetaka kuzitumia sharti aombe, na faida irudi kwa Wamaori.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ubaguzi wa wageni, na kwamba mnyonge akikataa mtaalamu atabaki gizani. Hoja hiyo ni dhaifu. Programu ya kuanzia ilitoka Marekani. Keoni Mahelona, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo pamoja na Peter-Lucas Jones, ni mwenyeji wa Hawaii, si Mmaori. Alikuja na ujuzi, akakaa, akafanya kazi chini ya amri ya wenye lugha. Mgeni wa namna hiyo ni ndugu, na tunamhitaji. Anayepingwa ni yule ambaye akiondoka huondoka na ufunguo.

Na hatari si ya kubuni. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa mtambo wa kutambua usemi uliofundishwa kwa saa 680,000 za sauti zilizokusanywa katika intaneti. Miongoni mwake zilikuwamo zaidi ya saa 1,000 za Kimaori. Te Hiku iliuliza hadharani: sauti hizi mmezitoa wapi, na nani aliyewaruhusu? Lugha iliyochapwa viboko shuleni jana, leo inachotwa bila hodi, na kesho wenyewe watauziwa.

Hapa ndipo afisa wa serikali anapoingia, maana mikataba hii hupita mezani kwake, au mezani kwa mwalimu mkuu. Wenyeji wa Kanada waliweka mwaka 1998 masharti yanayoweza kumsaidia: habari zinazokusanywa kwa watu ziwe mali ya watu hao, wazitawale, waweze kuzifikia, na wazishike mikononi mwao. Afisa ayasome kabla ya kutia saini. Amuulize mshauri, bila haya, sauti na majina ya watoto yatawekwa wapi, mwalimu gani wa kijiji atajua kuitengeneza mashine ikiharibika, na nywila itabaki kwa nani siku ndege itakaporuka. Kama majibu hayamo ndani ya mkataba kwa lugha wanayoisoma wanakijiji, karatasi hiyo irudishwe kwa aliyeileta.