Kanuni ya mbili kwa moja yawapotosha wanafunzi

KWA miaka mingi wanafunzi wa somo la Biashara katika shule zetu za upili wamekaririshwa kwamba biashara yenye afya ni ile ambayo mali yake ya muda mfupi, yaani fedha taslimu, bidhaa zilizomo na fedha inazodai, ni mara mbili ya madeni inayopaswa kulipa katika mwaka huo. Uwiano ukipungua hapo, mwanafunzi huandika kwamba biashara hiyo itashindwa kulipa madeni yake, naye mwalimu humpa alama zote.

Sina ugomvi na hesabu yenyewe. Ugomvi wangu ni na hukumu inayofuata hesabu hiyo, kwa kuwa ikitumiwa kupima maduka makubwa ya rejareja huleta jibu lisilo la kweli. Na katika nchi hii, kutojua kusoma hesabu za maduka kumekwisha kuwagharimu watu riziki yao.

Tuchukue maduka mawili ya Marekani yanayoshindana, Walmart na Target. Nimeyachagua ya mbali kwa sababu moja tu: hesabu zake hutangazwa hadharani kila mwaka, na yeyote anaweza kuzisoma. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Januari 2024, Walmart ilipata mapato ya dola 648 bilioni na faida halisi ya dola 15.5 bilioni. Target, ambayo mwaka wake ulimalizika siku chache baadaye, ilipata mapato ya dola 107.4 bilioni na faida ya dola 4.1 bilioni.

Mwanafunzi mwepesi wa kuhukumu atasema Walmart ndiyo bora kwa kuwa faida yake ni kubwa karibu mara nne. Lakini akigawanya faida kwa mapato atakuta kwamba katika kila dola iliyoingia, Walmart ilibakiwa na senti 2.4, ilhali Target ilibakiwa na karibu senti 4. Je, Target ndiyo bora basi?

La, asubiri kidogo. Aangalie bidhaa zinavyozunguka. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ikigawanywa kwa thamani ya bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka, Walmart iliuza na kujaza upya rafu zake takriban mara 9, nayo Target mara 6 na nusu. Sababu yake si siri. Zaidi ya nusu ya mauzo ya Walmart nchini Marekani ni vyakula, na maziwa hayawezi kungojea mteja kwa miezi miwili. Katika Target vyakula ni chini ya robo ya mauzo. Sehemu kubwa iliyobaki ni nguo, mapambo ya nyumbani, vipodozi na vifaa vingine ambavyo vyaweza kukaa vikivumilia, na ambavyo aghalabu huuzwa kwa faida nono zaidi. Muuza mboga na muuza viatu hawapimwi kwa kipimo kimoja, hata wakipangisha vibanda vilivyopakana.

Ukipima faida ya mwaka huo kwa mali yote ya kampuni, Walmart ilipata takriban asilimia 6, Target asilimia 7 na nusu. Kumbe kasi ya Walmart haikutosha kuziba pengo la faida yake ndogo. Hapo ndipo ulinganishi unapoanza kuwa na maana, kwa kuwa uwiano mmoja umelazimika kujibu swali lililoulizwa na mwingine.

Sasa turudi kwa kanuni yetu. Mali ya muda mfupi ya Walmart ilikuwa dola 76.9 bilioni, na madeni ya muda mfupi dola 92.4 bilioni. Uwiano wake ni 0.83 kwa moja. Ule wa Target ulikuwa 0.91. Kwa kanuni ya darasani, maduka yote mawili ni mahututi, na mwanafunzi wetu angeandika hivyo akapewa alama zake. Ilhali hakuna aliyekesha akihofia kwamba Walmart itashindwa kulipa.

Siri imo katika siku. Bidhaa za Walmart zilikaa takriban siku 41 kabla ya kuuzwa, nao walioileta bidhaa hiyo walingoja takriban siku 42 kulipwa. Kwa Target ilikuwa takriban siku 56 kwa 57. Mteja hulipa papo hapo anapofika kwa keshia, kwa hiyo duka hupokea fedha yote kabla ya siku ya kumlipa msambazaji. Bidhaa zilizo kwenye rafu, kwa hakika, zimegharamiwa na wasambazaji. Uwiano ulio chini ya moja hapa si ugonjwa. Ni ishara ya duka linaloaminiwa na linalouza kwa kasi.

Lakini fedha hiyo si ya duka. Ni amana iliyokaa mikononi mwake kwa siku chache, na amana hiyo ina ushawishi mkubwa. Mwenye duka akiitumia kufungua tawi jipya, au kulipia kodi ya jumba la kifahari, siku ya kumlipa mwenye maziwa itafika na mkoba u mtupu. Atamwomba angoje mwezi mwingine, kisha mwingine. Mwenye maziwa naye atachoka, asilete tena. Rafu zitabaki tupu, wateja watahamia kwingine, na fedha za keshia ambazo ndizo zilizokuwa zikilipa madeni ya jana zitapungua zaidi. Uwiano unaweza kuwa uleule 0.83, lakini siku za kulipa zimepanda kutoka 40 hadi 100 na zaidi.

Wakenya wameyaona haya kwa macho yao. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975 na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka wa 1992, ilifunga milango yake Juni 2006, ikafufuliwa, kisha ikayumba tena mwaka wa 2015 hata ikajiondoa Uganda na Tanzania. Mshindani wake mkuu, Nakumatt, alishangilia kwa muda tu. Mwaka wa 2017 rafu zake zilikuwa zimeanza kuwa tupu. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe kabisa. Madeni yake yalipita Sh30 bilioni. Kabla ya mwaka huo kwisha, Tuskys nayo ilikuwa ikiandamwa na wasambazaji waliodai malipo yao.

Miongoni mwa waliopoteza ni watu wa kawaida walioleta mikate, mayai na mboga bila dhamana yoyote. Benki hukopesha ikiwa imeshika hati. Msambazaji mdogo hushika stakabadhi ya kupokewa kwa bidhaa, basi.

Wapo watakaodai kwamba wangalichunguza hesabu kabla ya kukopesha. Wangalizichunguza wapi? Uchumi ilichapisha zake kwa kuwa ilikuwa katika soko la hisa. Nakumatt ilikuwa mali ya familia, na hesabu zake hazikuwa hadharani. Mwanafunzi aliyetaka kulinganisha maduka haya mawili makuu ya wakati wake alikuwa na mizania moja na uvumi mmoja. Kule Uingereza, hata kampuni ya watu binafsi hulazimika kuwasilisha hesabu zake kwa msajili, na raia yeyote akazisoma.

Mwaka wa 2019 Bunge liliifanyia marekebisho sheria ya ushindani ili kuwabana wanunuzi wakubwa wanaowaonea wasambazaji. Hatua hiyo ilifaa, ila humsaidia msambazaji baada ya kuumizwa. Ningependa sheria impe macho kabla ya hapo: duka lolote linaloshika bidhaa za wengine kwa mkopo zaidi ya kiwango fulani, liwe la familia au la umma, lichapishe kila mwaka wastani wa siku linazochukua kulipa.

Nao walimu wasingoje sheria. Wawape wanafunzi mizania mbili zenye uwiano ulio sawa, 0.8 na 0.8, moja ikilipa kwa siku 40 na nyingine kwa siku 120, kisha wawaulize ni duka gani wangeliletea mayai yao. Mwanafunzi atakayetaka kufanya zoezi hilo kwa Naivas na Carrefour, maduka yanayoshindana mjini mwake, atagundua kwamba hakuna hata moja lililoorodheshwa katika soko letu la hisa.