Wasio na Mwamko

Na Kassim bin Maulidi

Hapana wilaya iliyoonja habari ya Mfuko wa Afya ya Jamii mapema kuliko Igunga, mkoani Tabora, maana ndiko ulikojaribiwa kwanza mwaka 1996, miaka mitano kabla Bunge halijautungia sheria, kila kaya ikitakiwa kutoa ada ya mwaka nayo serikali ikiahidi kuongeza shilingi kwa shilingi, utaratibu uliokuja kuitwa tele kwa tele. Pamoja na hayo kaya nyingi zilibaki nje, huko na katika wilaya zilizofuata, na aghalabu taarifa za maofisa zikaeleza jambo hilo kwa neno moja tu, kwamba wananchi hawana mwamko. Neno ambalo mimi naliona ni dhuluma, kwa kuwa linawahukumu pamoja watu wasiofanana hata kidogo.

Mtazame mkulima wa pamba wa ukanda wa Manonga, anayefuatwa na mkusanyaji wa ada mwezi wa Januari, mpamba ungali mchanga shambani na ghala limebakiwa na debe moja la mahindi. Huyo hasiti wala hana kinyongo. Hana fedha, na lau angalifuatwa siku ile aliyopokea malipo ya pamba yake angalitoa pasipo kusemezwa mara mbili. Mwingine alikwisha kutoa, akampeleka mwanawe mwenye homa zahanati, akaonyesha kadi yake kwa fahari, naye akajibiwa, "Dawa zimekwisha, kanunue dukani," jibu lile lile alilopewa jirani asiye na kadi. Mwaka wa pili akaghairi. Kumwita huyo mtu asiye na mwamko ni kichekesho, maana katika kijiji chake hapana aliyeamka kumpita.

Wenye ajizi nao wapo, na hao sina la kuwatetea. Ninaowachelea zaidi ni wale waliotoa shingo upande kwa kumwogopa mtendaji wa kijiji, kwa sababu hao huhesabiwa katika mafanikio.

Kosa hili la kuwahukumu watu kwa neno moja ni la zamani katika njia yetu ya misafara. Wageni waliopitia Unyanyembe, palipo Tabora, katika karne ya kumi na tisa waliwaandika wapagazi wa Kinyamwezi kuwa wakaidi na watoro, ilhali wengi wao walikuwa wakulima waliosafiri kiangazi, na mvua zilipokaribia nyoyo zao zilikuwa mashambani. Mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji, waliochelea kuendelea waliitwa waoga. Naye Stanley, mmoja wa wageni hao, aliyewalaumu sana, mwishowe aliikwepa njia ile ile akazungukia kusini.

Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefanya uanachama kuwa sharti, nami nahofu kwamba sharti litazidisha hao wa shingo upande, kisha tutajisifu kwa wingi wao. Ada na ikusanywe wakati wa soko la pamba, na orodha ya dawa zilizopo ibandikwe mlangoni mwa zahanati kila Jumatatu. Ama mhamasishaji, kabla hajapakia kipaza sauti chake kwenye pikipiki, aombe kwanza daftari la wanachama wa zamani, awaendee walioacha, awaulize waliacha kwa nini.